Anti, mume anasema watu wa pwani tunakula hela, na mimi kweli nimechota droo

Shikamoo Anti,

Naandika saa sita usiku, mume kalala, nimekaa ngazini uani na simu ina asilimia 9, kwahiyo nikirukaruka nivumilie.

Nina miaka 31, Mzaramo, kwetu Kisarawe ila nimekulia Mbagala. Mume wangu Mchaga wa Rombo, mtoto wa tatu kati ya sita. Tulifunga ndoa bomani kwa ajili ya mambo ya dini, huu mwaka wa 8, watoto wawili. Tuna duka la rejareja la vitu vya kawaida tu, unga, mchele, mafuta ya kupima, sabuni, vocha, sigara moja moja. Yeye alfajiri anaenda Kariakoo kufunga mzigo, mimi nafungua duka nakaa mpaka saa nane, jioni anakaa yeye mpaka usiku. Mtaa mzima wananiita Mama Mangi, si unajua Mchaga mwenye duka wanamwita Mangi, mimi Mzaramo wa watu, nacheka tu nitafanyaje.

Sasa ishu yenyewe. Mwezi wa sita dada yangu alikuwa anamtoa mwali. Kwetu mama mdogo ana sehemu yake, siendi na mikono mitupu, mavazi ya mwali ya siku ya kutoka ni juu yangu, na sare yangu, na mchele, na hela ya kumtunza ngomani. Nikapiga hesabu ikaja laki 6 na nusu. Nikamwambia mume, akanyamaza, akafunga daftari lake, akachomoa elfu 50 akasema "nauli hiyo". Nauli ya Kisarawe Anti! Kisarawe!

Nilichofanya najua ni kibaya. Kila siku nikawa natoa elfu 20 kwenye droo, siku 21, ikawa laki 4 na elfu 20. Haikutosha nikaenda kwa wale wa kausha damu nikaomba laki 2, wakakata elfu 20 eti ya fomu, nikapewa laki na 80, marejesho elfu 10 kila siku kwa siku 26. Shughuli ilifana sikufichi, mwali alitoka kabebwa mabegani, dada akalia, bibi akatoa mwana hiti wake wa zamani, kile kinyago cha mti cha mwali, ambaye hata mimi nilikuwa sijawahi kumuona, yaani nilijisikia mtu kati ya watu. Ila marejesho nayo nayatoa kwenye droo hiyo hiyo, leo siku ya 9.

Mume kaona duka linashuka. Usiku anapiga hesabu haziji. Na hajanishuku mimi, kamshuku dogo. Dogo ni mtoto wa kaka yake, ana miaka 19, kamleta mwaka juzi kutoka Rombo anamsaidia duka, analala stoo. Na mume mwenyewe ndo alivyoanza, baba yake mdogo alimleta Manzese akalala na magunia miaka mitatu afu akafunguliwa duka. Sasa anasema Jumamosi dogo anapanda basi anarudi kwao, keshaongea na mama yake. Mama mkwe kwenye simu, spika imewashwa nasikia, anasema kijana hawezi kuiba, uliza vizuri humo ndani, si nilikwambia watu wa pwani hawajengi, wanakula. Dogo alikuwepo. Akaniangalia akainamisha kichwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye Desemba tunaenda Rombo wote wanne, nauli, mbuzi, soda, shati la kila baba mdogo, mwaka jana ilikula milioni 1 na laki 4 na hakuna aliyeita hiyo kula hela. Na kajenga nyumba kule imefika lenta, hakuna atakayekaa. Mimi kikundi chetu cha shughuli tuko 22, mwenye shughuli tunampelekea elfu 20 na doti ya khanga, inaandikwa kwenye kauntabuku, nimeshapeleka zaidi ya milioni kwa miaka hii. Hiyo yeye anaita ujinga. Nina na mchezo wa elfu 50 kwa mwezi watu 12, nalipa kwa hela yangu ya barafu na ubuyu, zamu yangu mwezi wa 11.

Anti niambie ukweli, ni kweli sisi hatujui hela ni damu tu? Maana hata mwanangu wa darasa la pili kaniuliza mama wewe ni kabila la wasiojenga. Na nifanyeje, nikisema naachika, nisiposema dogo anaondoka.

Mama Mangi, Mbagala


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Tuelewane kwanza, mimi ni Mpare wa Same. Ubahili wetu nchi nzima inaujua, mtu wetu anauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku, na Wachaga ni watani zetu, kwahiyo nikimsema mumeo usinune, na nikikusema wewe ujue siyo kabila linaongea. Miaka 19 nilikaa dirisha la mikopo la SACCOS moja hapa Dar, nimeona watu wa kila mkoa wakidanganya kwenye fomu ileile.

Nianze na huyo kijana maana barua yako niliisoma nikinywa chai, nilipofika kwake nikaweka kikombe chini. We unaona umechota laki 5 na elfu 10 (420 na hizo 90 za marejesho, nimekujumlishia, wewe hukujumlisha na naelewa kwa nini). Yeye ananyang'anywa duka. Ule utaratibu wa kumleta kijana kutoka mlimani, akalala stoo, mshahara wa soda, miaka miwili mitatu anajifunza bei na wateja na kufunga mzigo, afu mwisho anafunguliwa la kwake, ule hauna mkataba wala mwanasheria. Kinachomlinda kijana ni jina tu. Akishuka kwenye basi na sifa ya mwizi hakuna baba mdogo mwingine atakayemchukua, na kule habari inafika kabla ya basi. Kwahiyo swali la usiposema naomba lisiwepo. Unasema, na unasema kabla ya Jumamosi. Mengine yote tunayoongea hapa chini yasikuchukulie muda ukasahau hilo.

Haya, damu. Kama ni damu mbona inabadilika badilika? Wajerumani walipokuja, makarani na maakida, wale watawala wadogo waliowekwa na mkoloni, walikuwa watu wa pwani, shule ya serikali ilianza Tanga miaka ya 1890, anayejua kusoma na kuandika na kuhesabu alikuwa Mswahili mwenye kanzu, na huyo babu yake mama mkwe wako angeshuka pwani enzi hizo angeitwa mtu wa bara asiye na ustaarabu. Mjukuu wake leo anakwambia huna akili ya hela. Miaka mia na ushee tu hapo katikati.

Kilichotokea katikati ni kahawa na shule. Wamisionari walipanda kahawa Kilema, watu wakaona, wakajaza kwenye vihamba, yale mashamba yao ya nyumbani, chini ya migomba, 1925 wakulima wakaunda chama chao wenyewe, 1933 kikageuka KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro. Nimesoma Chuo cha Ushirika pale Moshi, hiyo 1933 walitukaririsha mpaka usingizini. Sasa fikiria mtoto anayekua pale, kila msimu anaona kwa macho, kahawa inageuka hela, hela inageuka ada, ada inageuka kaka mwenye kazi ya ofisini. Huyo huhitaji kumhubiria kuweka akiba. Na ardhi ikawaishia. Mila yao kihamba kinamwangalia mtoto wa kwanza na wa mwisho, wa mwisho ndo anabaki na nyumba ya baba, hawa wa katikati zamani walitafutiwa sehemu mpya, sehemu mpya zilipokwisha ikabidi washuke mlima. Mumeo wa ngapi? Wa tatu kati ya sita. Hakuja Dar kwa sababu anapenda sana biashara mwanangu, alikuja kwa sababu kwao hapakuwa na pa kuweka jembe.

Wakinga wa Makete hawana undugu na Wachaga, nao wamejaa madukani hivyo hivyo. Wametoka milimani, baridi, mashamba yamesimama kama ukuta. Unaona.

Pwani mambo yalienda kivingine. Shule za misheni zilipokuwa ndo shule, mzazi Mwislamu aliogopa mtoto aende na jina la Juma arudi na jina la Joseph, na hakuwa anaota. Nazi ipo, muhogo upo, mjini karibu, mtu hana sababu ya kukimbilia kibarua cha mashambani cha mkoloni, basi mkoloni akaandika ni wavivu. Walipolazimishwa pamba wakagoma, na kule Umatumbi 1905 mgomo ukawa vita ya Majimaji. Mtu akikataa kulima kwa hasara yeye apate mwingine, hiyo mimi kama karani wa mikopo naiita hesabu nzuri. Ila neno uvivu lilibaki, likapita kwa mkoloni, likapita kwa mwalimu wa shule, mpaka limefika kwenye spika ya simu ya mumeo.

Kuna wanaosema ni dini. Mjerumani mmoja, Max Weber, mwaka 1904 na 1905 aliandika kwamba ule Uprotestanti wa kubana matumizi na kuiona kazi kama ibada ulisaidia kuzaa ubepari wa Ulaya, chuoni mwalimu alilipenda sana hilo mpaka mwanafunzi mmoja wa Kibosho akanyoosha mkono akasema mwalimu sisi Kibosho ni Wakatoliki na Machame ni Walutheri, mbona wote tuna maduka? Darasa likafa. Na mimi ningeongeza Washihiri, wale Waarabu wa asili ya Yemen, Waislamu tena wa msikiti kweli kweli, walioanza na kahawa ya birika na vibanda vidogo wakaishia na maduka kila mji wa pwani. Wote hao ni wageni pale walipo. Mgeni hana mjomba wa kumkimbilia akikwama kwahiyo anashika shilingi mpaka inalia.

Wewe hapo Mbagala siyo mgeni. Hilo ndo mumeo halioni, na hata wewe mwenyewe hujaliona.

Nikupe kisa. Kulikuwa na mama wa Temeke muuza vitumbua, kila mwaka anakuja kukopa laki 3. Fomu inauliza madhumuni ya mkopo, anaandika biashara, afu wiki ijayo nakutana naye na sare mpya anapanda daladala kwenda kwenye ngoma. Namcheka moyoni. Mwaka mmoja mumewe akapata ajali ya bodaboda, hospitali wiki 7, kitumbua hakiuzwi, nikasema huyu sasa tunamwandika wasiolipa. Hakukosa rejesho hata moja! Nikaenda kumuona, nakuta mkekani kauntabuku kama hiyo yenu, gamba jeusi, kona zimeliwa, na mwanamke mmoja anasoma majina, fulani ulipelekewa 15 mwaka fulani, anajibu naam, anatoa 20. Mwingine anatoa mchele. Mwingine kalipa kodi ya miezi miwili moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Nilisimama mlangoni na fomu zangu mkononi najiona mshamba, maana yule mama alikuwa na benki mbili na ya kwetu ndo ilikuwa ile ndogo.

Kwahiyo akisema ni ujinga mwambie Anti kakataa. Hiyo ni akiba, imewekwa ndani ya watu kwa vile pwani watu ndo walikuwa wa uhakika kuliko ofisi yoyote.

ILA. Usianze kupiga vigelegele. Hiyo benki yenu ina mlango mmoja na ufunguo huna wewe. Huwezi kutoa hela mpaka uwe na shughuli au msiba. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada huwezi kumpigia mwanakikundi simu ukasema nilikutunza mwaka juzi nirudishie leo, utaonekana huna haya. Ndo maana watu wanazua shughuli, mtoto kamaliza chekechea anawekewa maspika mtaa mzima haulali, watu wanasema wanapenda sherehe, siyo, wanatafuta mlango wa kutolea hela zao. Na kwa vile kila anayerudisha anatakiwa aongeze kidogo, kila mzunguko unapanda, mwenye duka anaweza kupanda nao, mwenye vitumbua anafika mahali anakwenda kausha damu. Umefika mahali hapo. Ulipokopa kwa marejesho ya elfu 10 kwa siku ili utoe zawadi, ile haikuwa akiba tena wala mila, bibi yako mwenye mwana hiti hakuchezwa kwa mkopo.

Na wewe pia ulisema neno, "nilijisikia mtu kati ya watu". Hilo nalielewa sana na silichezei. Umeolewa kwenye nyumba ambayo kila siku unaambiwa kabila lako halijengi, ukaenda kwenu ukatunza kwa mikono miwili. Ile laki 6 na nusu nyingine ilikuwa ya mwali na nyingine ilikuwa ya kumjibu mama mkwe ambaye hata hakuwepo.

Sasa mumeo, nimtanie kidogo. Nyumba imefika lenta Rombo, wapangaji wake popo. Milioni 1 na laki 4 kila Desemba. Kwa hesabu ya daftari lake mwenyewe la dukani hiyo ni hasara tupu, mzigo umetoka haujarudi. Na bado sisemi ni mjinga, kwa sababu najua Desemba kule mbege, pombe yao ya ndizi, inapozunguka kuna daftari linaandikwa ambalo halina karatasi. Nani kaja, nani hajaja, nani kaezeka, nani anajenga. Anayeonekana ndo anaaminiwa, ndo mtu wa Kariakoo mwenye kwao karibu na kwao anampa mzigo wa mali kauli alipe wiki ijayo, ndo analetewa kijana wa kumsaidia duka. Kwahiyo mume wako anayesema haweki hela kwenye watu ameanzishiwa maisha na baba mdogo, anaendesha duka na mtoto wa kaka, na kila mwaka anakwenda kutunza ngoma yenye mbuzi. Tofauti yenu ni kwamba ya kwake inaitwa "kwenda nyumbani" na ya kwako inaitwa "sherehe". Aliyegawa hayo majina ni mwenye ufunguo wa droo.

Tukifika kwenye droo hapo nina jambo. Unafungua duka alfajiri unakaa mpaka saa nane, miaka 8. Dogo ana ahadi ya duka. Wewe una ahadi gani? Hujaandika kokote kwamba unapewa kitu, hela yako ni barafu na ubuyu. Sheria ya ndoa ya 1971 inatambua mchango wa kila mmoja kwenye mali ya pamoja, na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed ilisema hata kazi za nyumbani tu ni mchango, sembuse wewe unayepima mafuta. Lakini usikimbie na nusu ya hiyo habari, maana Bi Hawa mwenyewe mwishoni hakupata kitu, mahakama iliona mume alishampa hela ya kuanzishia mradi na yeye Bi Hawa akaitapanya. Umesoma hapo? Isome tena ukiwa umekaa. Haki yako ipo, na kuchota kwa siri ndo njia ya haraka ya kuiharibu.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi mpigie kijumbe wenu, yule anayekusanya hela za mchezo, omba kubadilishana zamu na mtu wa karibu, watu wanabadilishana kila siku wakiwa na shida na mara nyingi mwenye zamu anataka kidogo tu cha kumshukuru. Ukipata hiyo laki 6, kausha damu wamebaki laki na 70, walipe zote siku hiyo hiyo, chukua karatasi isainiwe. Inabaki laki 4 na 30, hiyo inarudi droo. Bado elfu 80, hiyo mdogo mdogo ya barafu. Zamu ikigoma, sare mpya na vitenge vya shughuli viuzwe, utaumia ila havikulishi.

Ila usisubiri hela ndo uongee. Ongea kesho usiku duka likishafungwa, watoto wamelala, na ongea na namba zote, siyo zile za kupunguza, ukisema laki 2 afu akagundua 5 hapo ndo utaachika kweli. Anza na dogo. "Dogo hajaiba, nimechukua mimi, laki 5 na elfu 10." Afu nyamaza. Atapiga kelele, na haki anayo, mwache amalize. Usimjibu kwa Desemba siku hiyo. Najua itakuwasha ulimi, mbuzi na mashati yote yatakuja mdomoni, meza. Ukianza Desemba usiku huo itageuka vita vya nani kala zaidi na dogo atapanda basi huku mnabishana.

Desemba ni ya wiki mbili baadaye. Hapo mnakaa na karatasi moja, unaandika ya kwake na ya kwako pamoja, Rombo, kikundi, ada, lenta, mnaweka kikomo cha mwaka kwa kila upande, na unaomba posho ya asubuhi zako, hata elfu 3 kwa siku, iandikwe kama anavyoandika mzigo. Mtu wa duka anaheshimu kilichoandikwa. Na kikundini kwenu sema kiwango chako hakizidi elfu 20, wa kununa atanuna.

Mama mkwe mpigie mwenyewe, siyo mumeo, na mwambie kijana ametendewa vibaya na mkosaji ni wewe. Atasema neno lake la watu wa pwani. Atasema tu, kajiandae. Mtoto wa darasa la pili mwambie mama yake kachezwa, kajengwa na watu 22, akikua atazihesabu.

Mume akikaza sana asitake kusikia, wao wana kitu chao, sale, lile jani refu la kijani wanalopanda kwenye mipaka ya vihamba. Mchaga akipelekewa sale kuombwa msamaha ni nzito sana kukataa, hata kama ana hasira za moto. Likitoka kwa Mzaramo ndo kabisa hatajua pa kuliweka. Hapa mjini wanaouza maua barabarani wanayo, na ukikosa njoo kwangu Kimara yapo mawili mlangoni, majirani zangu wa Rombo wanakuja kuchuma kila wakigombana, nawatoza buku moja moja, ila wewe nitakukopesha.